Lewis Fry Richardson na wasomaji wake

Mwaka 1910, katika Kiingereza, kompyuta alikuwa mtu. Alikuwa kijana au binti aliyelipwa ili akae mezani akokotoe: ajumlishe, atoe, azidishe, aandike jibu kwenye safu yake, halafu aanze mstari unaofuata. Neno hilo liliingia katika Kiswahili likiwa limekwisha kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine, ndiyo maana tunasema kompyuta imeharibika. Lingetufikia mapema zaidi, upatanisho wa sarufi yetu ungetudai kitu kingine: kompyuta amechelewa, kompyuta anadai mshahara wake. Na siku mashine ilipochukua kazi, kiambishi kingebadilika mbele ya macho ya wote. Katika Kiingereza badiliko hilo lilipita kimya.

Lewis Fry Richardson aliishi pande zote mbili za badiliko hilo. Aliajiri kompyuta wa aina ya kwanza, na kabla hajafa alipokea majibu yaliyokokotolewa na kompyuta ya aina ya pili. Wataalamu wa hali ya hewa wanamhesabu kati ya waasisi wao, wanahisabati wanatumia njia mbili zenye jina lake, na wanaochunguza vita na amani nao wanasema ni wao. Hapa nitafuata upande mmoja tu wa maisha yake: jinsi kazi yake ilivyosomwa na wenzake wa taaluma, kabla na baada ya kuchapwa, nani aliona nini na nani alipita bila kuona. Kila mwaka katika vitivo vyetu memwari hupelekwa kwa wasomaji, na mwanafunzi hukaa akisubiri. Richardson alisubiri namna hiyo tangu ujana wake, na baadhi ya majibu yalikuja akiwa amekwisha kuzikwa.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 huko Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mwisho kati ya saba. Baba yake, David Richardson, alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Familia ilikuwa ya Marafiki, yaani Wakweka, wale wale ambao leo wana makanisa Kivu, Burundi na Kenya. Marafiki hukataa vita. Katika maisha ya Richardson imani hiyo haikubaki maneno ya ibada. Ilimtoa kazini zaidi ya mara moja, kama tutakavyoona. Alisoma shule ya Bootham mjini York, kisha chuo cha sayansi cha Newcastle, kisha King's College ya Cambridge, alikomaliza 1903.

Alipotoka Cambridge hakukaa mahali pamoja. Kwa miaka kumi alihamahama kati ya Maabara ya Taifa ya Fizikia, chuo cha Aberystwyth huko Wales, kampuni ya mboji, kiwanda cha taa za umeme na chuo cha ufundi cha Manchester. Anayesoma wasifu kama huo leo angesema ni mtu asiyetulia. Lakini ni katika kampuni ya mboji, 1906 hadi 1907, ndipo alipokutana na swali lililomshika.

Mboji inayosemwa hapa ni udongo mweusi wa mabwawa ya nchi za baridi, unaokatwa vipande na kukaushwa uwe wa kuchoma motoni. Udongo huo umejaa maji. Ili kuukausha lazima ichimbwe mifereji, na swali ni hili: mifereji ikae umbali gani, na kina gani, ili maji yatoke vizuri kwa gharama ndogo? Mlinganyo unaoeleza mwendo wa maji udongoni ulijulikana tangu zamani. Shida ilikuwa umbo la mahali penyewe. Wanahisabati walijua kuutatua mlinganyo huo pale mipaka ilipokuwa duara au mstatili safi. Mfereji wa kweli, wenye kingo zilizopinda, haukuwa na fomula.

Richardson aliacha kutafuta fomula moja ya kueleza kila mahali. Alichora miraba juu ya ramani ya udongo, akatafuta namba moja kwa kila makutano ya mistari. Chukua bamba la chuma ambalo ukingo wake mmoja umepashwa moto hadi nyuzi 100 na kingo tatu nyingine zimeshikiliwa kwenye 0. Kanuni ni kwamba joto la kila nukta hukaribia wastani wa nukta nne zinazoizunguka. Nukta moja peke yake katikati ingepata 25. Ukiweka nukta mia, kila moja inategemea jirani zake, na hao jirani nao bado hawajulikani. Basi unabahatisha namba zote, unapima kila nukta imekosea kiasi gani ikilinganishwa na jirani zake, unasahihisha kila moja kidogo, unarudia. Mzunguko baada ya mzunguko, makosa yanapungua.

Ndani ya njia hiyo kuna jambo ambalo wakati ule halikuonekana kubwa. Katika mzunguko mmoja, kila nukta husahihishwa kwa namba za mzunguko uliopita. Kwa hiyo hakuna nukta inayolazimika kuisubiri nyingine. Watu mia wanaweza kusahihisha nukta mia kwa wakati mmoja, kila mtu akichungulia karatasi za jirani zake wanne tu. Huo ndio ukokotoaji sambamba. PETSc, maktaba ya programu iliyotengenezwa katika maabara ya Argonne huko Marekani ili kutatua milinganyo mikubwa kwa mashine nyingi kwa pamoja, bado ina njia iliyoandikishwa kwa jina la richardson.

Mfano mkubwa aliouchagua ni ukuta wa mawe unaozuia mto Nile huko Aswan, Misri (sehemu ya maji hayo hutoka kwetu, kwa njia ya Semliki). Ukuta ulikuwa umekamilika 1902, na wahandisi wa Uingereza walikuwa wakibishana juu ya mahali mawe ya kuta kama huo yanapobanwa na yanapovutwa zaidi. Ili kupata namba, Richardson aliajiri vijana na kuwalipa kwa kipande: kwa kila nukta, sehemu ya kumi na nane ya peni kwa kila tarakimu, hivyo namba ya tarakimu tatu ilileta sehemu ya sita ya peni. Mmoja wa vijana wenye kasi alifikisha hesabu 2,000 kwa wiki, zilizokosewa zikiwa zimetolewa. Kilichowasumbua zaidi ni alama za kujumlisha na za kutoa zilizochanganyikana. Napenda kwamba aliyachapa mambo hayo yote ndani ya makala ya hisabati. Anayehakiki makala ya ukokotoaji sambamba leo huuliza yale yale: wakokotoaji wangapi, kasi gani, gharama gani, makosa mangapi. Richardson aliyajibu kabla hajaulizwa.

Kazi hiyo aliipeleka King's College kama tasnifu ya kushindania nafasi ya utafiti, ambayo ingempa mshahara na miaka ya kufikiri bila kusumbuliwa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, King's waliomba maoni ya wanahisabati wa Trinity College, majirani zao. Jibu lilikuwa kwamba hii ni hisabati ya kukadiria, na kwamba haikuwavutia. Nafasi hakuipata, wala hakurudi tena Cambridge kufanya kazi.

Ni rahisi leo kuwacheka watu wa Trinity. Sidhani walikuwa wajinga. Walipima kazi kwa kipimo cha fani yao, na katika hisabati safi ya siku zile fomula kamili ndiyo iliyoitwa jibu. Kukadiria kuliachiwa wahandisi. Hawakuona kwamba Richardson alikuwa amelikadiria hata kosa lenyewe. Alionyesha kwamba ukikata upana wa miraba nusu, kosa hushuka hadi robo hivi; na kwamba mwenye majibu mawili, la miraba mikubwa na la miraba midogo, anaweza kuyatumia kupata la tatu lililo bora kuliko yote mawili. Wazo hilo alilirudia kwa kirefu katika makala ya 1927, nalo ndilo la pili kati ya njia zenye jina lake. Msomaji aliyeamua mapema kwamba ukadiriaji si hisabati hakuwa na sababu ya kufika ukurasa huo.

Karatasi zile zile zilipata bahati nyingine London. Katika Royal Society asiye mwanachama hakuweza kupeleka makala kwa mkono wake. Ilibidi mwanachama ampelekee, kisha wanachama wengine waisome na kutoa maoni yao faraghani. Makala yake ilipita. Ilisomwa mbele ya wanachama 1910 na kuchapwa katika Philosophical Transactions, jarida la zamani kuliko majarida yote ya sayansi ya Uingereza. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwoa Dorothy Garnett, binti wa mwanahisabati na mwalimu William Garnett. Walioana 1909. Baadaye waliwalea watoto watatu wa kuasili. Dorothy tutakutana naye tena, kwa sababu naye ni mmoja wa wasomaji wa kazi hii.

Mwaka 1913 Napier Shaw, mkuu wa Ofisi ya Hali ya Hewa, alimpa usimamizi wa kituo cha Eskdalemuir, mahali pa upweke na mvua nyingi katika vilima vya kusini mwa Uskochi. Huko Richardson aliugeuza mfereji wa mboji kuwa anga. Hewa nayo ina milinganyo yake inayojulikana: ya mwendo, ya uzito, ya joto, ya unyevu. Watabiri wa siku zile hawakuitumia. Walichukua ramani ya leo, wakatafuta kwenye makabati ramani ya zamani inayofanana nayo, wakasema kesho itakuwa kama kesho ya siku ile. Richardson alipendekeza kukokotoa. Dunia ingegawanywa miraba yenye upana wa kilomita 200 hivi, kama ubao wa chesi, na hewa iliyo juu ya kila mraba ingegawanywa matabaka matano. Katika miraba ya rangi moja unaandika mgandamizo wa hewa, katika ile ya rangi nyingine unaandika upepo, na kutoka namba za saa hii unapata za saa zijazo.

Andiko la kwanza la kitabu lilipelekwa na Shaw mbele ya Royal Society 1916, nayo ikakubali kuchangia pauni 100 za kulichapa. Hapo mwandishi akaondoka. Vita ilikuwa inaendelea, yeye kama Rafiki hakutaka kushika bunduki, na pia hakutaka kubaki salama kituoni huku wengine wakifa. Alijiuzulu, akajiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Marafiki kilichoitwa SSA 13, kikifuatana na jeshi la Ufaransa. Hadi 1919 aliendesha gari la majeruhi.

Andiko alienda nalo. Kati ya safari na safari, katika vyumba vya baridi vya nyuma ya mstari wa vita, alikaa juu ya lundo la majani makavu na kukokotoa mfano mmoja kamili. Alichagua tarehe 20 Mei 1910, kwa sababu siku hiyo maputo mengi yalirushwa Ulaya na Mnorwe Vilhelm Bjerknes alikuwa amechapa ramani zake. Akachukua nguzo mbili tu za hewa, katika Ulaya ya kati, na kuuliza: kwa hali ilivyokuwa saa moja asubuhi, mabadiliko ya saa sita yangekuwaje? Kuandaa fomu na kupata jibu kulimchukua karibu wiki sita. Mnamo Aprili 1917, katika mapigano ya Champagne, andiko lilipelekwa nyuma kwa usalama, likapotea. Lilionekana miezi kadhaa baadaye huko Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Jibu lenyewe lilikuwa baya kupita kiasi. Hesabu ilisema mgandamizo wa hewa, mahali karibu na Munich, ungepanda hektopaskali 145 kwa saa sita. Ili msomaji apate picha: tofauti ya mgandamizo kati ya Lubumbashi, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, na pwani ya Moanda ni karibu na kiasi hicho. Kwa hiyo ni kana kwamba Bavaria nzima ilishushwa kutoka Lubumbashi hadi baharini kati ya asubuhi na mchana. Vipimo vya kweli vya siku ile vilionyesha kwamba mgandamizo haukubadilika karibu hata kidogo.

Hapa ndipo maisha haya yanapostahili kusomwa na mtu yeyote anayeandika utafiti. Richardson alikuwa na njia kadhaa za kujificha. Angeweza kuchapa nadharia bila mfano. Nusu ya kitabu ilikuwa imekwisha kukubaliwa bila huo. Angeweza kuchagua siku nyingine. Angeweza kutaja mfano kwa sentensi mbili na kuweka lawama kwa vita. Yeye alichapa fomu zote 23, namba kwa namba, zenye data aliyoanza nayo na kila hatua ya kati, na kando yake akaandika kwamba jibu halifanani na ukweli. Akaongeza maoni yake juu ya chanzo: hesabu yenyewe aliiona sahihi kwa kiasi cha kutosha, ila hali ya kuanzia haikuwa ya kawaida, hasa vipimo vya upepo. Kabla ya kuchapwa andiko lilisomwa upya, miongoni mwa wengine na W. H. Dines, mchunguzi mkubwa wa hewa ya juu, ambaye Richardson alifanya kazi chini yake huko Benson baada ya vita. Kitabu, Weather Prediction by Numerical Process, kilitoka Cambridge University Press 1922.

Wahakiki walikuwa na adabu. Wengi walisifu ujasiri na upana wa kazi. F. J. W. Whipple aligusa penyewe: tofauti ndogo katika kukisia nguvu ya upepo huleta kosa kubwa katika mgandamizo unaokokotolewa. Huko Marekani, Alexander McAdie alibashiri kwamba kitabu kingepata wasomaji wachache, na kwamba wengi wa watakaokinunua wangekiweka rafuni na kukiacha kipumzike. Kama utabiri, huo wa McAdie ulikuwa sahihi kuliko ule wa kitabu alichokihakiki. Nakala 750 zilichapwa, na miaka thelathini baadaye zilikuwa bado hazijaisha.

Ukurasa unaokumbukwa zaidi si wa fomu. Ni ule ambao Richardson, baada ya kurasa nyingi za namba, aliomba ruhusa ya kuota. Aliwaza ukumbi mkubwa wa duara kama wa tamthilia, wenye roshani zinazozunguka pande zote na ramani ya dunia iliyochorwa ukutani. Ncha ya kaskazini iko darini, Uingereza katika roshani ya juu kabisa, nchi za tropiki, Kongo ikiwemo, katika roshani inayofuata, Australia chini yake, na Antaktika sakafuni. Kila kundi la wakokotoaji linashughulikia mraba wake, na namba zao zinaonyeshwa kwenye vibao vya taa ili jirani wazisome. Katikati inasimama nguzo ndefu, juu yake mtu mmoja kama kiongozi wa kwaya. Wanaotangulia huwamulika kwa mwanga mwekundu hafifu, wanaochelewa kwa mwanga wa buluu, ili dunia nzima iende kwa mwendo mmoja. Nje kuna viwanja vya michezo, nyumba, milima na maziwa, kwa sababu alifikiri wanaokokotoa hewa wapaswa kuivuta kwa uhuru.

Wajenzi wa mashine zenye maelfu ya vichakataji walipousoma ukurasa huo baadaye walikuta matatizo yao yote yamekwisha kutajwa: kugawa kazi, kuzungumza na jirani tu, kuwazuia wenye kasi wasiwaache wenzao. Idadi aliyoipa ukumbi wake ni watu 64,000, yaani 32 mara 2,000. Hiyo 2,000 aliipata kwa kupunguza, maana kwa hesabu yake dunia nzima ilikuwa na nguzo 3,200 za hewa. Alizipunguza akisema kwamba katika tropiki hali ya hewa mara nyingi hujulikana mapema. Mkulima wa Katanga anayesubiri mvua ya kwanza angemrudishia ukurasa huo na mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo.

Msomaji aliyeufikia mwisho wa zile fomu 23 alikuja miaka mingi baadaye. Peter Lynch, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Ireland, alikokotoa upya utabiri wote kwa kompyuta, kutoka data ile ile. Alipata jibu lile lile, hektopaskali 145. Kwa hiyo Richardson, juu ya majani yake, hakuwa amekosea hesabu ya maana. Kisha Lynch alisawazisha data ya mwanzo, akiondoa mawimbi ya haraka yanayozuka pale upepo na mgandamizo uliopimwa vinapokosa kulingana, na kuiendesha tena kwa njia ile ile. Badiliko la saa sita likashuka chini ya hektopaskali 1. Lynch aliyaeleza yote katika kitabu chake cha 2006. Uhakiki wa namna hiyo haukuwezekana kama 1922 Richardson angechapa muhtasari. Jarida la Marekani la programu za hisabati, ACM Transactions on Mathematical Software, tangu 2015 linampa mwandishi nafasi ya kuomba mhakiki arudie ukokotoaji wake kabla ya kuchapwa. Wengi walioshangilia utaratibu huo waliuona mpya.

Wakati kitabu kinatoka, Richardson hakuwa tena mtumishi wa Ofisi ya Hali ya Hewa. Ofisi ilikuwa imewekwa chini ya Wizara ya Anga, iliyokuwa na ndege za kivita, naye mwaka 1920 akajiuzulu tena. Akaenda kufundisha fizikia katika chuo cha walimu cha Westminster. Aliendelea kuchunguza misukosuko ya hewa hadi Royal Society ilipomchagua kuwa mwanachama 1926. Ndipo akagundua ni akina nani waliokuwa wakisoma makala zake kwa hamu kubwa kuliko wote: wataalamu wa gesi ya sumu, waliotaka kujua jinsi moshi unavyosambaa. Dorothy alikumbuka miezi hiyo kama ya kuvunjika moyo. Mumewe aliacha utafiti wa hewa, na kazi ambazo zilikuwa hazijachapwa akaziharibu. Tunazungumza sana juu ya mwandishi anayekataliwa na wasomaji. Hapa mwandishi aliwakataa wasomaji.

Alianza upya. Mwaka 1929, akikaribia miaka 48, alipata shahada ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka huo huo akawa mkuu wa chuo cha ufundi cha Paisley, Uskochi. Tangu siku za SSA 13 alikuwa akiandika milinganyo ya jinsi mataifa mawili yanavyoogopana na kujilimbikizia silaha. Kijitabu cha kwanza alikichapa kwa fedha zake 1919 na kukitoa kwa wenzake wa kikosi. Jarida la Nature lilichapa barua zake juu ya jambo hilo 1935. Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, hakuwa na wenzake wa kumsoma: wanahisabati waliona siasa, wanasiasa waliona hisabati. Alistaafu mapema, 1940, ili ahesabu vita vilivyopigwa duniani tangu 1820. Vitabu viwili vilivyotoka katika kazi hiyo havikupata mchapishaji. Alivitoa kwenye filamu ndogo za kusomwa kwa mashine. Vilichapwa kwa kawaida 1960.

Ndani ya utafiti huo aliuliza kama mataifa yenye mipaka mirefu hupigana zaidi, akafungua vitabu vya takwimu na kukuta kwamba Hispania na Ureno hazikubaliani juu ya mpaka wao wenyewe: kilomita 987 kwa upande mmoja, 1,214 kwa upande wa pili. Sababu ni urefu wa rula: kadiri inavyokuwa fupi, ndivyo inavyofuata mikunjo mingi zaidi, na mpaka unarefuka. Makala hiyo nayo ilitoka akiwa amekwisha kufa, 1961, na Benoît Mandelbrot aliyeisoma aliifanya mwanzo wa makala yake maarufu ya 1967 juu ya urefu wa pwani ya Uingereza.

Lakini hewa haikumwacha kabisa. Uzeeni, akiwa na Mmarekani Henry Stommel, alitupa vipande vya mzizi wa mboga kwenye maji ya Loch Long na kupima jinsi vinavyoachana, na makala yao ya 1948 ilianza kwa kutaja mboga hizo bila aibu.

Mwaka 1950 Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann walitumia mashine ya ENIAC huko Marekani kukokotoa tabiri za kwanza za saa 24 juu ya Amerika ya Kaskazini. Kila moja ilichukua karibu saa 24 za kazi, hivyo mashine ilikuwa inakimbizana na hali ya hewa yenyewe bega kwa bega. Charney alimpelekea Richardson matokeo. Mzee alijibu kwa pongezi, kisha akafanya uhakiki. Alimwekea Dorothy ramani mbele, zile za mwanzo, zile zilizokokotolewa na zile za hali iliyotokea kweli, akamwuliza kwa kila siku ni ipi kati ya mbili za kwanza inafanana zaidi na ya tatu. Dorothy alitazama moja moja. Kwa wastani, alisema, zilizokokotolewa zilikuwa bora, ingawa kwa kiasi kidogo tu. Richardson aliiandika hukumu hiyo kwa Charney.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Kilmun, Uskochi, tarehe 30 Septemba 1953.